Kambi Yamuaga Omosa

Jairus Omosa alianza na baiskeli. Jumamosi asubuhi alimwita jirani yake Obonyo, akamwonyesha ile baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta wa jikoni, akamwambia, "Chukua." Obonyo akauliza anaichukua aipeleke wapi. Omosa akamwambia aipeleke kwake, ni yake sasa, na asiulize maswali kwa sababu kujibu maswali kunamaliza pumzi.

Hilo la pumzi lilikuwa kweli tupu. Mapafu ya Omosa yalikuwa yamechoka. Tangu ujana alifanya kazi katika kiwanda cha chai, upande wa kuchambua majani makavu, mahali ambapo vumbi linaelea hewani mpaka nyusi za mtu zinageuka rangi ya kahawia. Juu ya vumbi akaongeza sigara, kwa hiari yake mwenyewe, na tusimtetee katika hilo. Daktari wa kliniki ya kifua aliutaja ugonjwa wake kwa jina refu la Kizungu, kisha akamfafanulia kwa Kiswahili kwamba ni ugonjwa wa mapafu usiopona, ila mtu anaweza kuishi nao. Omosa alisikia hiyo "usiopona" tu. Maneno mengine yalimpita.

Sasa alikuwa mtu wa kukaa. Kazi aliacha kabla ya wakati wake, na nyumba waliyoishi pale kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai ilikuwa imepewa mke wake Mellen, aliyekuwa akilea watoto wa wachuma chai katika kreshi ya kambi. Kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji wa maji Omosa alisimama njiani tena na tena, na kila aliposimama alijifanya anakagua kitu: leo mtaro, kesho antena ya jirani. Ukungu wa Julai ukishuka, hata mtaro hakufika. Mellen alimfunga kamba za viatu, akampapasa mgongo kila alipokohoa, akamwogesha, kisha akaenda kuogesha watoto wa watu, kisha akarudi kumpikia. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Omosa zaidi. Angelalamika wangegombana, na wakigombana angalau angejua kwamba bado yeye ni mume wa mtu.

Na tuseme wazi, maana hadithi ya kuzungukazunguka haimsaidii mtu: Omosa alikuwa ameamua kujiua. Wazo lenyewe lilianza dogo. Siku moja alijiambia kwamba ingekuwa vizuri kama angelala asiamke. Wazo likaenda, likarudi, likazoea, mwishowe likavuta kiti likakaa kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Likamwambia kwamba yeye ni mzigo. Likamwambia Mellen atapumzika. Likamwambia hata Kerubo, binti yao aliyeolewa Nakuru, ataacha kupiga simu kila jioni kwa ile sauti ya mtu anayesubiri habari mbaya. Omosa hakumwambia yeyote. Na kwa kuwa alikuwa mtu nadhifu, mtu aliyekunja hata magazeti ya kufungia nyama, alitaka kwanza agawe vitu vyake kwa utaratibu. Akishamaliza kugawa, basi.

Baada ya baiskeli ikafuata redio. Hiyo alimpa Chepyegon, mlinzi wa geti, Mkipsigis mrefu mwenye koti la mvua lisilovuliwa hata jua likiwaka. Chepyegon aliigeuza redio huku na huku, akamwangalia Omosa.

"Hii retio, mzee? Kapisa?"

"Kabisa. Usikilize mpira."

"Na wewe utasikiliza nini?"

"Nitasikiliza kifua changu," Omosa akasema, na Chepyegon akacheka kwa sababu alidhani ni mzaha.

Kisha kuku, wakagawanywa kwa majirani. Kisha kile kishamba cha mboga za managu nyuma ya nyumba, akampa mama wa mlango wa tatu, pamoja na jembe. Ikabaki nguo na vitu vidogo vidogo.

Sasa, kuna jambo Omosa alilisahau, na kwa jinsi alivyokaa kambini hakuwa na udhuru. Nyumba za kambi ni za kampuni. Anayekaa humo ametoka mahali, Kisii, Nyamira, Siaya, Ahero, na siku yake ya kazi ikiisha anarudi alikotoka. Anayerudi hagawi vitu ovyo. Baiskeli hutoka kwanza, maana ndiyo inayosumbua garini. Redio inafuata. Ukiona mtu anagawa kuku, hapo hata usiulize, nenda katafute zawadi. Kila mtu pale amewahi kula kuku wa aliyeondoka. Kwa hiyo Omosa alipoketi akifikiri anafanya siri yake kimyakimya, alikuwa kama mtu aliyepanda juu ya tangi la maji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba anahamia kwao Nyamira.

Jumanne Obonyo akaja rasmi. Obonyo huyu ni mtu wa kwaya, na ni mmoja wa wale watu ambao wakiona wenzao wamesimama pamoja lazima waunde kamati. Kamati ilikuwa imeshaundwa.

"Mzee wangu, umetuficha," akasema, akikaa bila kukaribishwa. "Kambi nzima inajua unarudi Nyamira na wewe hujasema neno."

Omosa alifungua mdomo akatae. Kisha akafikiria swali litakalofuata. Akikataa, wataulizana basi kuku aliwagawa wa nini. Kwa hivyo akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa, na uongo ukapita bila kumgharimu hata pumzi moja.

"Basi Jumapili tunakuaga," Obonyo akasema. "Mbuzi yuko. Ukumbi tumeomba, tumepewa. Na kuna pikapu itakuja kubeba vitu, mtaondoka tukiimba mpaka barabarani. Wewe kazi yako ni kusema neno la mwisho."

Omosa alibaki amekaa pale mlangoni akiwa na shida mpya kabisa. Mtu hawezi kujiua wakati watu wameshamtafutia mbuzi. Huo ni utovu wa adabu, na Omosa alilelewa vizuri. Akaahirisha mpaka sherehe ipite.

Jioni ile Mellen alirudi kutoka kreshi akatua kikapu chake chini kwa kishindo.

"Baba Kerubo, leo nimeagwa."

"Na nani?"

"Na kila mtu. Akina mama wamenikumbatia wakilia. Mmoja amenipa leso. Nimeambiwa nihame salama. Sasa nakuuliza wewe, nahamia wapi?"

"Watu wameelewa vibaya," Omosa akasema.

"Wameelewa vibaya nini? Baiskeli si ulimpa Obonyo?"

"Siwezi kuiendesha tena."

"Haya. Na redio? Redio nayo huendeshwa kwa mapafu?"

Omosa aliangalia sakafu. Mellen alisimama akimtazama, na hasira ikamtoka usoni kidogokidogo, pakaingia kitu kingine ambacho Omosa hakutaka kukiona. Ilikuwa hofu. Alionekana kama anataka kuuliza neno, na neno lenyewe linamtisha. Akageuka, akachukua sufuria.

"Wewe ndiye uliyewadanganya," akasema akiwa amempa mgongo. "Jumapili wewe ndiye utakayewaambia ukweli. Mimi sifungi hata kijiko."

Wakaketi kula. Omosa alitamani kumwambia. Maneno yalifika kooni mara kwa mara, na kila mara aibu ikayarudisha chini pamoja na ugali. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na alimpenda Mellen mpaka kifua kikamuuma zaidi.

Jumapili ukungu uliondoka mapema, na milima ya chai ikaonekana yote, kijani mpaka macho yanachoka. Watu walitoka makanisani wakaenda moja kwa moja ukumbini. Kulikuwa na mbuzi, ugali, managu, chai ya maziwa kwenye birika kubwa la jiko la shule, na Chepyegon alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala yenye majivu, akasema mzee asiende kwao akiwa hajanywa maziwa ya watu. Mellen alikuwa upande wa wapakuaji, amefunga leso mpya kiunoni, hasemi na mtu. Pikapu ilisimama nje, dereva akila nyama amekaa kwenye bodi ya nyuma.

Hotuba zikaanza. Obonyo alisema jinsi alivyofika kutoka Ahero akiwa kijana, hajui baridi ni nini, na Omosa akamfundisha kuvaa gazeti chini ya shati. Alisema Omosa alimpa upande mmoja wa chumba chake, wakagawanya kwa shuka, na siku moja shuka likaanguka wakati Omosa anaoga. Ukumbi ulicheka mpaka chai ikamwagika. Mwingine akasema Omosa ndiye aliyebeba gunia la majani mabegani kutoka bondeni siku trekta ilipokwama, akiimba njia nzima. Mwingine akamsifu kwa mbio, mwingine kwa sauti yake ya kwaya.

Wewe na mimi tungedhani sifa hizo zitamponya mtu. Hazikumponya. Kila sifa ilimchoma. Huyo mbeba magunia, huyo mwimbaji, huyo mwenye mbio alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo alishaondoka siku nyingi. Waliyebaki naye ni huyu hapa kwenye benchi, anayehesabiwa kijiko cha dawa. Omosa akajiambia kwamba hata wao wanamuaga yule wa zamani, na huyu wa sasa hakuna atakayemkosa.

Alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali penye hewa. Kando yake alikuwa amekaa Nyabate, mama mjane wa kambi ya juu, ambaye kifua chake kiliharibiwa na moshi wa kuni, miaka nenda miaka rudi kwenye jiko lisilo na dirisha. Walijuana kutoka kliniki. Huko walikuwa na mchezo wao wa kushindana nani anakohoa vizuri zaidi, na Nyabate hushinda. Aliirudisha ndani ya kikoti pampu yake ya kupulizia dawa mdomoni, akamwinamia Omosa.

"Wewe huendi Nyamira," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Mtu anayerudi kwao huuliza mahindi yamefika wapi. Huuliza barabara iko aje. Wewe tangu asubuhi hujauliza hata mvua." Alivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ileile, kama anayeuliza kama chai ina sukari, "Omosa, unafikiria kujiua?"

Kwaya ilikuwa inaimba, hakuna aliyesikia. Omosa alingoja akasirike. Hasira haikuja. Kilichokuja ni neno dogo lililokuwa limemkaa rohoni tangu mvua za Aprili.

"Ndiyo."

Nyabate hakushika kifua wala hakumwita Mungu. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeulizia njia akaambiwa bado anaenda sawa.

"Mimi mwaka jana niligawa sufuria," akasema. "Niliwaambia watu nimechoka kupika."

"Ikawaje?"

"Nesi wa kliniki akaniuliza vile nimekuuliza. Nikamtukana. Halafu nikalia mpaka akafunga mlango wagonjwa wengine wasione. Nikapewa dawa, nikapewa mtu wa kuongea naye, nikafundishwa kupumua upya kama mtoto mchanga. Sufuria moja sijarudishiwa mpaka leo, na ninajua iko kwa nani."

Omosa alijikuta ametabasamu, na tabasamu likamshangaza mwenyewe.

"Na hilo wazo? Liliisha?"

"Hurudi. Likirudi namwambia mtu. Likikaa kichwani peke yake ndipo hujiona mfalme." Akamgusa goti. "Mwambie Mellen leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema polepole."

Hapo jina lake likaitwa. Obonyo alikuwa amesimama mbele, mikono imefunguliwa, anamkaribisha mzee aseme neno la mwisho. Omosa akainuka. Alifika mbele akashika meza, akangoja pumzi imfikie. Mellen alikuwa ameacha kupakua.

"Siendi Nyamira," akasema.

Watu wakacheka. Obonyo akapiga makofi.

"Siendi," akarudia. "Niliwadanganya." Akavuta hewa. "Niligawa vitu kwa sababu... nilitaka kufa. Nilikuwa nimepanga kujiua. Mliponiuliza... nikaona uongo ni rahisi." Akavuta tena. "Huyu mbuzi mtanisamehe."

Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja alikuwa ameinua kikombe, akakishikilia hapohapo hewani. Chepyegon alivua kofia. Obonyo machozi yakamtoka wazi mbele ya kwaya yake nzima, na hakuyafuta. Mellen akapita katikati ya mabenchi akiwa bado na mwiko mkononi, na waliokuwa karibu wakasogea kwa sababu hawakujua anaenda kuutumia kwa kazi gani.

Akasimama mbele ya mumewe.

"Ulifikiri nitapumzika?"

"Ndiyo."

"Nimechoka, Baba Kerubo. Sitakudanganya mbele ya watu. Mgongo unaniuma, usingizi ni wa kuiba. Lakini sijakuchoka wewe. Ukienda hivyo, hapo ndipo nitachoka, na sitapumzika tena mpaka siku yangu. Sasa nijibu ukweli. Leo unataka kufa?"

Omosa alijiangalia ndani, akatafuta kweli, maana swali kama lile halijibiwi kwa adabu.

"Leo hapana."

"Basi leo inatosha. Kesho nitakuuliza tena."

Akamshika mkono akamkalisha, akarudi kupakua, kwa sababu watu walikuwa bado hawajala wote. Nyama ilikuwa tayari, na kamati ikaamua kwamba kumkaribisha mtu kunahitaji chakula sawa na kumuaga.

Pikapu ilikuja tena Jumatatu ikawapeleka kliniki, Omosa, Mellen na Nyabate, ambaye hakualikwa na alikaa mbele. Nesi aliongea na Omosa mlango ukiwa umefungwa, akampeleka kwa daktari, na daktari safari hii alieleza polepole mpaka Omosa akasikia yote, hata ile sehemu ya kuishi nao. Akaanzishiwa dawa ya kuinua moyo. Akapangiwa mtu wa kuongea naye. Akajiunga na wale wanaofundishwa kupumua, wamekaa kwa duara, wanapuliza midomo imefinywa kama watu wanaopoza uji. Kerubo alikuja kutoka Nakuru, akagomba, akalia, akakaa, na alipoondoka akawa anapiga simu kama mtu anayempigia baba yake.

Kambi nayo haikumwacha apumue, na hilo alilalamika mwenyewe. Obonyo alipitia kila jioni baada ya kazi, akaongea mpaka Omosa akamwomba ahurumie wagonjwa. Chepyegon alikuja na redio wasikilize mpira pamoja, wakabishana kuhusu penalti hadi pampu ikahitajika.

Mellen aliuliza kila asubuhi, kama alivyosema. Aliuliza akimfunga viatu, akiwa ameinama, bila kulipamba swali: "Leo?" Siku nyingi Omosa alijibu, "Leo niko sawa," na ikawa kweli. Siku zingine alisema, "Leo limekuja," na Mellen akampigia simu Nyabate aje akae naye, au akachelewa kazini, au akamwita Kerubo kwenye simu wazungumze watatu. Omosa aliona aibu mwanzoni. Kisha aibu ikachoka yenyewe.

Halafu ikaja asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umefunika mpaka kizingiti. Mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa mapema kuliko kawaida, akagonga mlango akipiga kelele, na Mellen akatoka mbio akivaa sweta njiani. Hakufunga viatu vya mtu. Hakuuliza.

Omosa alibaki peke yake na chai iliyokuwa ikipoa. Wazo likaja. Lilijua kwamba nyumba haina mtu, likavuta kiti chake cha zamani likaanza kusema yale yale, mzigo, mzigo, Mellen atapumzika. Simu ilikuwa imeisha chaji. Mellen angerudi mchana, na mchana ulikuwa mbali sana. Omosa aliliogopa lile wazo kuliko alivyowahi kuliogopa, na akagundua kwamba zamani hakuwa akiliogopa kabisa.

Akainama mwenyewe akafunga viatu. Kazi hiyo peke yake ilimmaliza, akakaa mpaka pumzi ikarudi. Kisha akatoka, akapanda kuelekea kreshi. Njia ni ya mlima. Alipuliza midomo imefinywa kama alivyofundishwa, akatembea kidogo, akasimama, akatembea. Chepyegon alimwona akatoka getini ili ambebe, na Omosa akamkataza kwa mkono, kwa hivyo Chepyegon akamfuata tu nyuma, taratibu, mpaka mlangoni kwa watoto.

Mellen alikuwa na mtoto begani na mwingine ameng'ang'ania sketi yake. Aligeuka akamwona mumewe ameshika mwimo wa mlango, jasho linamtoka katika baridi ile, hawezi kusema.

"Baba Kerubo? Kuna nini?"

Omosa alingoja mpaka pumzi ikatosha.

"Leo hujaniuliza."

Mellen alimbembeleza mtoto begani kidogo, kama anayejipa nafasi ya kusimama imara.

"Leo?" akauliza.

"Leo ni mbaya, Mama Kerubo. Mbaya sana. Ndiyo nimekuja."

Mellen akavuta benchi la watoto, lile fupi, akamkalisha, magoti yakamfika kidevuni. Akamwekea mapajani yule mtoto wa begani, akamwonyesha pa kushika shingo. Kisha naye akakaa sakafuni karibu na mguu wake, mtoto wa pili akiwa amemlalia.

"Haya," akasema. "Niambie."

Omosa akaanza kumwambia, polepole, akipumzika palipohitaji kupumzika, na Mellen akamsikiliza mpaka mwisho.